Nani Bado Ni Lektori? Kijerumani na Isimu katika Idara za Kiswahili

Imekuwa desturi katika vyuo vikuu vyetu kuliweka somo la Kijerumani katika chumba kimoja na Kifaransa, na siku hizi Kichina, chini ya jina la lugha za kigeni. Somo la isimu huwekwa katika chumba kingine ambamo kila kitu, kuanzia nadharia hadi mifano, husomwa kwa Kiingereza. Kiswahili nacho kina chumba chake. Mwanafunzi anayetaka kupita kutoka chumba kimoja hadi kingine huambiwa kwamba ratiba hairuhusu. Makala hii inadai kwamba kuta hizi zina gharama, na kwamba anayeilipa zaidi ni mwanafunzi wa Kiswahili. Tunadai pia jambo ambalo baadhi ya wenzetu wataliona la kupita kiasi: mtu anayejiandaa kuwa mwanaisimu au mhakiki wa Kiswahili, na ambaye hawezi kusoma Kijerumani, anaingia katika taaluma ambayo sehemu kubwa ya msingi wake amewaachia wengine waisome kwa niaba yake.

Tunajua jinsi dai hili linavyopokewa. Katika kikao cha kamati ya mtaala ya chuo kimoja nchini, pendekezo la kuwaruhusu wanafunzi wa isimu ya Kiswahili kuchukua Kijerumani kama somo la pili lilizimwa kwa swali moja tu: Kijerumani kitamsaidia nini mwalimu wa Kiswahili? Swali lilichekesha, wajumbe wakacheka, na ajenda ikasonga mbele. Yafuatayo ni jibu la swali hilo, kwa kuwa siku ile hapakupatikana nafasi ya kulijibu.

Halle, Berlin na Göttingen

Tuanze na utenzi ambao kila mwanafunzi wetu wa ushairi hulazimika kuutaja katika mtihani. Utendi wa Tambuka, au Herekali, ulitungwa na Mwengo wa Athumani huko Pate, na huhesabiwa kuwa wa mwaka 1728. Mwanafunzi anaujua mwaka huo. Anachokijua kwa nadra ni njia iliyopitiwa na hati zenyewe hadi zikatufikia. Ludwig Krapf, mmishenari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na chama cha Kiingereza, alizipeleka hati kadhaa za tenzi zetu kwenye maktaba ya Chama cha Wataalamu wa Mashariki cha Ujerumani mjini Halle, mwaka 1854. Kutoka katika hazina hiyo Carl Büttner alichapisha maandishi ya Kiswahili katika miaka ya 1880, na Carl Meinhof akauhariri utenzi wa Herekali katika jarida lake la lugha za makoloni mnamo 1911 na 1912. Maelezo ya wahariri hawa kuhusu hati, maneno yaliyofifia, beti zinazotofautiana na namna walivyoamua kulisoma neno hili au lile, yote yameandikwa kwa Kijerumani. Mhakiki wetu anapoandika kwamba ubeti fulani "unasema" jambo fulani, aghalabu anategemea uamuzi uliopitishwa na mtu ambaye sababu zake hajawahi kuzisoma.

Hali ya nathari ni mbaya zaidi. Fungua takriban kitabu chochote cha historia ya fasihi ya Kiswahili kinachotumiwa na wanafunzi wetu, utaambiwa kwamba nathari andishi ilianza kwa maana halisi na Uhuru wa Watumwa wa James Mbotela, mwaka 1934, na kwamba Shaaban Robert ndiye aliyeipa hadhi. Hatuna ugomvi na Mbotela, wala hakuna mwenye akili timamu anayegombana na Shaaban Robert. Lakini miaka 40 kabla ya Mbotela, mwaka 1894, Büttner alitoa Berlin mkusanyo wa fasihi ya Kiswahili ambamo zimo habari alizojiandikia Amur bin Nasur, mtu wa Unguja aliyekuwa akifundisha Kiswahili katika mji huo. Mwaka 1901 Carl Velten alitoa Safari za Wasuaheli. Humo Salim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia aliyoifanya na Mjerumani mmoja mwaka 1896. Mswahili anasafiri kwenye baridi ya Siberia, anatazama watu, miji na desturi kwa jicho la mtu wa pwani, na kuyaandika hayo katika nathari nyepesi yenye kejeli ya chini kwa chini. Ni wahakiki wangapi wa tawasifu na fasihi ya safari katika idara zetu ambao wamewahi kuiweka safari hiyo katika orodha ya vitabu vya kusomwa?

Mtu anaweza kusema: maandishi hayo yako kwa Kiswahili, kwa hiyo Kijerumani cha nini? Ni hoja nzuri, na jibu lake ndilo kiini cha jambo lenyewe. Maandishi haya hayakuzuka yenyewe. Yaliagizwa. Velten aliwataka wenyeji wamwandikie, akachagua, akapanga na kuhariri, kisha akatia dibaji na tanbihi. Mkono wa mwandishi unaishia wapi na wa mhariri unaanzia wapi? Ni swali la msingi la uhakiki wa matini, na haliwezi kuulizwa na mtu aliyefungiwa nje ya nusu ya kitabu. Desturi za Wasuaheli ilichapishwa Göttingen mwaka 1903, na mwaka huo huo, mji huo huo, ikatoka tafsiri ya Kijerumani ya Velten. Vitabu viwili, mtu mmoja nyuma ya vyote viwili. Kuviweka sambamba na kuona ni wapi tafsiri inapunguza, inapolainisha au inapoeleza zaidi ni kazi ambayo msomaji wa lugha zote mbili angeweza kuianza kesho asubuhi. Badala yake, wanafunzi wetu hunukuu tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981, kitabu cha manufaa bila shaka, kana kwamba Kiswahili chenyewe kimefika kwetu kwa hisani ya California.

Lektori na mwalimu

Seminari ya Lugha za Mashariki ilianzishwa Berlin mwaka 1887. Humo walifundishwa maofisa, wafanyabiashara na wamishenari waliokuwa wakienda Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kazi ya kufundisha iligawanywa. Kulikuwa na mwalimu Mjerumani, aliyeeleza sarufi na kuandika vitabu; na kulikuwa na lektori, mzaliwa wa lugha yenyewe, aliyetoa matamshi, mifano na mazoezi. Mwalimu alikuwa na kanuni. Lektori alikuwa na ulimi. Mshahara na heshima vilifuata mgawanyo huo.

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, alikuwa lektori huko kuanzia 1900 hadi 1905. Sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli ni kazi yake, na jina lililotangulia kwenye jalada ni la Velten. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata alisafiri naye kurudi kwao, na walipofika Dar es Salaam wakuu wa koloni hawakumruhusu kushuka na mkewe. Walirejea Ujerumani, naye akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1927. Tunayajua haya kwa undani kwa sababu Ludger Wimmelbücker aliyachimbua kutoka katika nyaraka za Kijerumani na kuyaandika katika kitabu kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 2009. Tunamshukuru kwa dhati. Hata hivyo inafaa kujiuliza kwa nini mtu wa kwanza kutoka pwani yetu kuacha maelezo mapana kiasi kile ya maisha ya Waswahili, kwa Kiswahili, alingoja zaidi ya miaka 80 baada ya kufa kwake ili wasifu wake kamili uandikwe, na kwa nini alipoandikwa hakuandikwa na mmoja wa wanafunzi wetu. Hatukukosa hamu. Tulikosa lugha ya mafaili.

Mgawanyo wa lektori na mwalimu haukuzikwa na Seminari ile. Tazama jinsi kazi zinavyogawanywa katika miradi mingi ya pamoja leo: upande mmoja hutoa data, wasailiwa na miswada ya Lamu, upande wa pili hutoa maktaba, historia ya taaluma na jina la kwanza katika makala. Wenzetu wa Ulaya si lazima wawe na nia mbaya, na wengi wao hawana. Mwanafunzi wa Hamburg au Bayreuth anasoma Kiswahili na Kijerumani, Kiingereza pia, na mara nyingi Kiarabu. Wetu anasoma Kiswahili na Kiingereza. Wakikutana mezani, nani atakuwa lektori?

Kwamba hali inaweza kuwa tofauti kumekwisha thibitishwa. Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Utengano, ambaye katika uandishi wa kitaaluma hujulikana pia kama Said Khamis, alikuwa profesa wa fasihi mjini Bayreuth; na ni mmoja wa wahariri wanne wa Kala Shairi, mkusanyo wa mwaka 2002 wa tungo za Kiswahili kuhusu utawala wa Wajerumani, pamoja na Gudrun Miehe, Katrin Bromber na Ralf Großerhode. Kitabu hicho kinasomeka tofauti na vya Velten, kwa sababu mmoja wa walioketi kuhariri ni mtu ambaye tungo hizo zilikuwa zake kabla hazijawa data.

Isimu inapata nini

Hadi hapa tumezungumza kama wahakiki. Sasa tugeukie isimu, kwa sababu wapo wanaokubali kwamba Kijerumani kinamfaa mwanahistoria wa fasihi lakini wanakiona mzigo kwa mwanaisimu.

Mwanafunzi wa shule ya sekondari nchini Kenya hufundishwa ngeli kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, KI-VI, LI-YA. Akifika chuo kikuu anakutana na nambari: ngeli ya 1 na 2, ya 7 na 8, ya 16. Huambiwa azikariri. Mara chache huambiwa kwamba nambari hizo zilianzishwa na Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyelitia jina Bantu katika isimu, zikapanuliwa na Meinhof. Na kwamba zimepangwa hivyo ili ngeli ya Kiswahili iweze kuwekwa kando ya ngeli ya Kizulu au Kiganda bila kubabaika. Nambari 12 na 13 hazipo katika Kiswahili sanifu, na mwanafunzi hudhani ni kosa la uchapaji. Laiti angejua kwamba pengo hilo ni ushahidi wa historia, kwamba lugha jirani yake inayo ka- ya udogo, angekuwa ameanza kufikiri kama mwanaisimu.

Mbinu ya Meinhof aliyezipanua nambari hizo haikutoka hewani. Ilitoka Leipzig, ambako katika miaka ya 1870 kundi la wanaisimu vijana lilishikilia kwamba mabadiliko ya sauti hufuata kanuni zisizobagua neno. Mwanafunzi wa Kijerumani anayesoma pia isimu huiona kanuni ya namna hiyo kwa macho yake katika wiki ya kwanza, kwa kuwa tayari anajua Kiingereza: water ni Wasser, ten ni zehn, apple ni Apfel, pound ni Pfund. Hahitaji kuamini, anahesabu mwenyewe. Kisha mpe -panda na -pa za Kiswahili, na -handa na -he za Kigĩkũyũ, pamoja na mpaka na mũhaka, umwulize kanuni iko wapi. Aliyepitia njia ya kwanza hatapotea katika ya pili. Meinhof alipoandika kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu mwaka 1899, alikuwa akiileta mbinu hiyo hiyo katika lugha zetu.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumbani ni ule uitwao Kanuni ya Dahl. Edmund Dahl alikuwa mmishenari wa Kimoravia katika nchi ya Wanyamwezi, na Meinhof aliipa kanuni hiyo jina lake mwaka 1903 katika jarida la chama kile kile cha Halle kilichohifadhi hati za Krapf. Inasema, kwa ufupi, kwamba konsonanti isiyo ghuna hugeuka kuwa ghuna ikiwa silabi inayofuata ina konsonanti isiyo ghuna. Kwa hiyo Mgĩkũyũ husema kĩrĩma kwa ki-, lakini kiti kwake ni gĩtĩ. Jina la lugha yenyewe, Gĩkũyũ, limebeba kanuni hiyo mbele yake kama bango; sisi wasemaji wa Kiswahili, ambao kanuni hii haitugusi, tunalitamka Kikuyu. Yaani kila siku, katika daladala na matatu, watu wa Afrika Mashariki hutamka tofauti iliyoelezwa katika makala ya Kijerumani ya 1903, na wanafunzi wetu wa fonolojia huijua kanuni hiyo kupitia muhtasari wa Kiingereza wa muhtasari mwingine. Ukiiweka kando ya kanuni ya Grassmann ya 1863, inayohusu Kigiriki na Kisanskriti, utaona jambo moja likifanyika katika mabara mawili: sauti mbili zenye sifa ileile zinakataa kukaa karibu. Hapo isimu inaanza kuwa tamu.

Kuna faida nyingine, nayo haihusu historia. Mwanafunzi anayeijua lugha moja tu ya Ulaya huifanya kipimo cha lugha zote bila kukusudia. Muundo wa Kiingereza huwa ndio muundo wa kawaida, na Kiswahili huwa ndicho chenye maajabu. Kijerumani huivunja dhana hiyo kutoka ndani. Ich rufe dich morgen an, nitakupigia simu kesho: kitenzi ni anrufen, lakini kipande chake kimoja kimekaa mahali pa pili katika sentensi na kingine kimetupwa mwisho. Kiweke kitenzi hicho katika kishazi tegemezi, na vipande viwili vinakutana tena mwishoni. Anayeyaona haya hasemi tena kwa wepesi kwamba lugha za Ulaya zina kiima, kitenzi na shamirisho, basi.

Tazama pia upatanisho wa kisarufi, ambao ndio mahali pa kweli pa kukutana kwa lugha hizi mbili. Kijerumani kina jinsi tatu za kisarufi, na hazifuati akili ya kawaida: kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, kisu hakina upande. Msichana, Mädchen, naye hana upande, kwa sababu kiambishi cha udogo -chen huiburuta nomino yoyote hadi jinsi kati. Kibainishi chake, kivumishi chake na kiwakilishi chake rejeshi hufuata umbo hilo. Lakini Mjerumani akiendelea kumzungumzia msichana huyo katika sentensi inayofuata, mara nyingi hutumia kiwakilishi cha kike, sie. Umbo limeshinda mwanzoni, maana imeshinda mbele.

Sasa tuseme: rafiki yangu mwema amefika. Kimilikishi yangu kinafuata umbo, kinaitendea rafiki kama nomino ya ngeli ya 9. Kivumishi mwema na kitenzi amefika vinafuata maana, vinamtendea kama mtu. Greville Corbett alidai mwaka 1979 kwamba lugha zote hupita kutoka umbo hadi maana kwa ngazi, na kwamba ngazi hiyo huanzia ndani ya kirai, ikapitia kiarifu na kirejeshi, ikaishia kwenye kiwakilishi. Kijerumani kinapanda ngazi hiyo kwa utiifu. Kiswahili kinaipasua kwenye daraja la kwanza, kwa kuwa kimilikishi na kivumishi, vyote viwili vikiwa ndani ya kirai kimoja, havikubaliani. Kwa nini ni kimilikishi kinachong'ang'ania umbo? Na kwa nini jambo hili limeshikamana zaidi na nomino za ukoo na uhusiano, kama ndugu, rafiki, dada na mama? Hili ni swali la tasnifu nzima ya uzamili. Aliyelelewa na Kiingereza peke yake hawezi kulihisi, kwa sababu Kiingereza kimekwisha kupoteza karibu upatanisho wote ambao ungemwonyesha mlango.

Majibu kwa wapinzani

Pingamizi la kwanza ni la kizalendo: hii ni lugha ya mkoloni, na waliotutafiti walikuwa watumishi wa ukoloni. Ni kweli, na hatukusudii kulifunika. Meinhof aliandika kitabu cha 1912 kuhusu lugha alizoziita za Kihamiti, ambamo isimu iliunganishwa na ubora wa rangi. Na mwaka 1933 akajiunga na chama cha Hitler. Ernst Dammann, aliyekusanya tungo za Lamu pamoja na Muhamadi Kijuma na kuzichapisha mwaka 1940, alikuwa mwanachama wa chama hicho pia. Lakini aliyeivunja nadharia ya Wahamiti ni nani? Ni Joseph Greenberg, hatimaye katika kitabu chake cha 1963, na aliivunja kwa sababu alikuwa ameisoma. Kutosoma hakumwadhibu Meinhof. Kunamwacha akae salama ndani ya uainishaji tunaourithi, bila mtu wa kumwuliza. Na wazalendo wetu wakumbuke, kwa kupita tu, kwamba neno shule wanaloliimba katika kila hotuba ya elimu limetoka kwa Wadachi hao hao. Wazanzibari, waliosema skuli, walichukua kwa Mwingereza. Hakuna aliyechafuka.

Pingamizi la pili linasema kwamba kila kilicho muhimu kimekwisha kutafsiriwa, na kwamba isimu ya leo iko kwa Kiingereza. Nusu yake tunaikubali. Atakayeandika kuhusu historia ya Kiswahili na lugha za Kisabaki ataanza na kitabu cha Nurse na Hinnebusch cha 1993, nacho ni cha Kiingereza. Fonolojia ya Meinhof nayo ilifasiriwa na van Warmelo mwaka 1932. Kwa nadharia za sintaksia za leo, Kijerumani si sharti. Ila tafsiri huchagua. Kilichofasiriwa ni vitabu vikubwa. Makala za majarida, dibaji, maelezo ya hati, barua na orodha za miswada vimebaki vilivyo. Orodha ya Dammann ya hati za Kiswahili na lugha nyingine za Kiafrika zilizomo katika maktaba za Ujerumani, iliyotoka mwaka 1993, ni ya Kijerumani. Mtafiti wa tenzi asiyeweza kuisoma hajui hata cha kuomba.

Kuna wanaouliza kwa nini tusisisitize Kiarabu kwanza. Tusisitize. Hati zenyewe ziko kwa herufi za Kiarabu, na mhakiki wa tenzi asiyezijua ana upungufu mkubwa kuliko huu tunaoujadili. Hoja hiyo inaongeza somo. Haiondoi la Kijerumani.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye nguvu siku hizi, na halitolewi na maprofesa. Mwezi Septemba mwaka 2024, Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mjini Berlin makubaliano ya uhamaji wa wafanyakazi. Vijana wanataka Kijerumani cha kupata kazi huko, na ni haki yao. Asiye na ajira hahitaji kuhubiriwa juu ya Velten. Lakini chuo kikuu kikikubali kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kuifundisha lugha hii, kitakuwa kimejigeuza ukumbi wa maandalizi ya mtihani wa lugha, kazi ambayo taasisi nyingine zinaifanya vizuri na kwa haraka zaidi. Mwalimu wa Kijerumani mwenye shahada ya juu atafundisha mazungumzo ya hotelini na hospitalini mpaka astaafu. Na mkataba ukibadilika, kama mikataba inavyobadilika, idara itafungwa kwa hoja ile ile iliyotumiwa kuipanua. Kijerumani cha vibarua kilishafundishwa katika pwani yetu na watawala waliotaka makarani. Sisi tunaweza kutaka kingine.

Kinachohitajika si kikubwa. Kozi ya miaka miwili ya kusoma, si ya kuzungumza, kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu na wa nne na wa uzamili walio katika isimu au fasihi ya Kiswahili, ifundishwe na idara mbili kwa pamoja. Sarufi ifundishwe kwa kulinganishwa na Kiswahili tangu siku ya kwanza, jinsi kwa ngeli, kiambishi kwa kiambishi. Kitabu cha kiada kipo tayari, na kina zaidi ya miaka 120: Mtoro kwa Kiswahili upande mmoja wa meza, tafsiri ya Velten upande wa pili. Mwanafunzi wetu anaielewa habari kabla hajaelewa lugha, fursa ambayo mwanafunzi wa Kijerumani popote pengine duniani hana. Kamusi hazikosekani, tangu ya Velten ya 1910 hadi ile ya Höftmann na Herms ya 1979. Mtihani uwe kurasa mbili za Kijerumani zisizofasiriwa, na mtahiniwa azifasiri kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza. Sharti hili la mwisho lisilegezwe, maana tukipitia Kiingereza tutakuwa tumerudi tulikotoka.

Kwa wachache watakaotaka kuendelea hadi kwenye nyaraka, kuna kizuizi kimoja zaidi. Barua na shajara za wamishenari na maofisa wa karne ya 19 ziko katika mwandiko wa mkono wa kale wa Kijerumani, ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi bila kufundishwa. Ni kazi ya miezi michache kwa mtu mwenye subira. Mwalimu wa mwandiko huo itabidi tumtafute nje; wa sarufi tunao hapa hapa, ghorofa moja juu ya idara ya Kiswahili, na hadi leo hakuna aliyepanda ngazi kuwauliza.